Mrudishieni mtoto somo lake

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama madrasa zetu zinawafaa watoto wenye mahitaji maalumu na wale wenye vipawa vikubwa. Mimi nasomesha madrasa hapa Kisauni, Mombasa. Jibu langu ni kwamba zinaweza kuwafaa, tena bila gharama kubwa, tukilirudia jambo tuliloliacha wenyewe.

Chuo cha Kurani cha zamani, kile cha mkekani, hakikuwa na darasa. Kila mtoto alikuwa na somo lake. Huyu yuko kwenye alifu na bee, wa pembeni yake yuko Juzuu Amma, fungu la mwisho la Kurani, mwengine karibu ahitimu, na wote wamekaa ukumbi mmoja. Mwalimu humwita mmoja mmoja amsikilize. Akiridhika humwongeza, asiporidhika kesho ni pale pale. Sisemi yote yalikuwa mema. Bakora ilitembea, na mtoto kiziwi mara nyingi hakupelekwa kabisa. Lakini mwendo ulikuwa wa mtoto mwenyewe. Tulipoleta madawati na mitihani tulipata mpangilio, tukapoteza hilo. Sasa darasa zima huitikia pamoja, na ndani ya sauti ya wengi asiyejua husikika kama anayejua.

Nina mwanafunzi wa miaka tisa. Msomee sura mara chache, ameishika, na matamshi yake ni safi. Mfungulie msahafu, jasho linamtoka. Bee, tee na thee kwake ni kitu kimoja, maana umbo ni lile lile na tofauti ni nukta. Alikotoka aliitwa mvivu, eti anakariri ili akwepe kusoma. Macho yamepimwa, hayana kasoro. Basi namwandikia herufi kubwa kubwa, nukta kwa kalamu nyekundu, umbo moja kwa wiki, na hulichora kwa kidole kwenye sinia la mchanga kabla ya kushika kalamu. Hifdhi yake, yaani kuhifadhi kwa moyo, haisubiri kusoma kwake. Anaendelea kwa sikio. Mtoto huyu yuko pande zote mbili za swali lenu. Nikimtia kundi moja, nitamdhulumu kwa upande wa pili.

Wenye vipawa nao tunawachosha. Aliyemaliza mapema hupewa kazi ya kuwanyamazisha wenzake, au huongezewa kurasa za kuhifadhi. Anayeuliza kwa nini neno hili limevutwa na lile halikuvutwa anataka tajwidi (kanuni za kuisoma Kurani kwa matamshi sahihi), nahau na mtu wa kumjibu. Aruhusiwe kukaa na darsa la wakubwa, wazazi wake wakiridhia.

Na tusiseme dini haikulizungumza hili. Sura ya 80, Abasa, iliteremka kwa sababu ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuja kutaka kufunzwa. Naye baadaye akawa mwadhini Madina. Watoto wetu wanaihifadhi, imo ndani ya Juzuu Amma. Kisha mtoto asiyeona akiletwa mlangoni, mzazi huambiwa ampeleke Likoni kwenye shule ya wasioona, kana kwamba kusoma huko kunamwondolea haki ya kujua Kurani. Misahafu ya nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, ipo. Mji huu haushindwi na mageuzi: ni hapa Mombasa ulipoanzia, katika miaka ya 1980, mpango wa Aga Khan Foundation wa kuunganisha chekechea na mafunzo ya dini.

Ninachokiomba kwa kamati za misikiti ni mwalimu wa pili kabla ya ghorofa ya pili, ili mmoja asomeshe kundi na mwengine asikilize mtoto mmoja mmoja. Kwa wazazi, vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto vimekuwepo nchini tangu 1984; mpelekeni mtoto, na majibu mtuletee. Kama sikio la kushoto halisikii, au ana kifafa, tuambieni siku ya kumwandikisha. Wengi huficha kwa kuogopa mtoto kukataliwa, nasi tunamkalisha nyuma, karibu na dirisha la barabarani, tukidhani ni mtukutu.