SDL hailipwi na mfanyakazi

Wapo wanaodhani kwamba tozo ya kuendeleza ufundi stadi ya Tanzania, SDL, hukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Hapana, haikatwi huko, bali ni mwajiri anayeilipa kutoka mfukoni mwake. Ninajaza fomu za mishahara kila mwezi: PAYE (kodi ya mapato ya mshahara) na NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) zina safu zake kwenye hati ya malipo ya mtumishi, ilhali SDL hukokotolewa juu ya jumla ya mishahara yote na mtumishi haioni kabisa. Ofisi yenye watu 20 wanaolipwa shilingi 400,000 kila mmoja ina jumla ya 8,000,000, kwa hiyo kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, mwajiri hupeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, shilingi 280,000. Mwajiri mwenye watu wasiofika 10 hadaiwi.

Kuhusu hoja ya baadhi ya watu kwamba mashamba ndiyo yanayogharamia vyuo vya ufundi vijijini, hilo nalo si sahihi, kwa sababu wafanyakazi wanaojishughulisha moja kwa moja na kilimo pekee wamesamehewa tozo hii. Mzigo uko zaidi kwa viwanda, benki na kampuni za mijini, jambo ambalo mimi naliona ni la haki. Ila fedha hizo haziendi zote VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwani sehemu kubwa huingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Haya yote ni ya Tanzania Bara, na kiwango hubadilika kwenye bajeti, hivyo kihakikishe kila Julai.