Kabla Hujamnukuu Sartre Kwenye Sura ya Pili

Wiki iliyopita nilikaa nyuma kabisa kwenye semina ya mapendekezo ya utafiti, nikiwa na chupa yangu ya maji na nia njema. Wawasilishaji walikuwa watano. Wanne walikuja na udhanaishi (ile falsafa ya mtu kuwa huru kuchagua na kujiumba mwenyewe), riwaya za Euphrase Kezilahabi, na slaidi moja yenye kichwa "Mihimili ya Nadharia". Watatu kati ya hao wanne walisimama na kutamka, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba: "Kama anavyosema Sartre, jehanamu ni watu wengine." Iliposemwa mara ya tatu nilitazama dirisha. Tulikuwa ghorofa ya kwanza tu, si juu sana.

Wadogo zangu, nawapenda. Ndiyo maana nawaandikia badala ya kuwasema koridoni.

1. Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa na mwandishi wa Kifaransa, si mwasisi wa udhanaishi. Kierkegaard, Mdenmaki anayehesabiwa baba wa falsafa hiyo, alikufa 1855, Sartre akazaliwa Paris 1905, hesabu nawaachia. Hata jina la mdhanaishi hakujipa: alibandikwa na mwanafalsafa mwenzake Gabriel Marcel, na mwanzoni alilikataa. Mwandishi Albert Camus naye msimtie kwenye orodha kimyakimya, maana alilikana jina hilo waziwazi. Tena yeye na Sartre walikosana mwaka 1952 kwenye kurasa za jarida la Sartre, Les Temps modernes, na hawakupatana mpaka kifo.

2. Andika mwaka wa kitabu ulichokishika. Kama umesoma kitabu kikuu cha Sartre, L'Être et le Néant, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Hazel Barnes, hiyo ni ya 1956. Usiandike 1943 ili tudhani umekisoma kwa Kifaransa. Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kidonda changu.

Nilikuwa nasoma MA. Riwaya yangu Kichwamaji ya Kezilahabi, hoja yangu kwamba Kazimoto, mhusika mkuu, anaangamizwa na watu waliomzunguka. Hoja ilikuwa tayari, ilikosa nadharia ya kuibeba. Nikaikuta ile sentensi ya jehanamu ndani ya tasnifu ya mtu aliyenitangulia, imetulia na mabano yake: (Sartre, 1943: 112). Nikaibeba nzima nzima, kama mtu anavyobeba sufuria na mfuniko wake. Sura ya nne yote, kurasa thelathini na nane, nikaisimamisha juu ya sentensi hiyo. Vichwa vidogo vilikuwa "Familia kama Jehanamu", "Kijiji kama Jehanamu", na, kwa ujasiri nisiojua ulitoka wapi, "Chuo kama Jehanamu". Msimamizi wangu alikuwa na wanafunzi wengi mwaka ule. Akasahihisha vituo na mkato, akaniambia endelea.

Siku ya kutetea nilivaa suti ya kaka yangu. Mtahini alikuwa mama mtu mzima, mpole, wa kusema "mwanangu". Hao ndio wa kuogopa. Akauliza, "Mwanangu, unasoma Kifaransa?" Nikajibu, "Kidogo." Akafungua mkoba, akatoa L'Être et le Néant, kitabu kinene cha kurasa zaidi ya mia saba, akakipekua hadi ukurasa wa 112 na kunisogezea. "Nionyeshe jehanamu iko wapi."

Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu. Nilishuka na mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, nikitafuta neno lolote lenye sura ya moto. Feni ilikuwa inazunguka. Jasho lilikuwa linaharibu suti ya watu. Aliniacha hivyo kwa muda aliouchagua yeye, kisha akasema: haimo kwenye ukurasa huo, haimo kwenye kitabu hicho, wala si Sartre anayesema.

Anayesema ni Garcin. Ni mhusika wa Huis clos, tamthilia ya Sartre iliyopanda jukwaani Paris mwezi Mei 1944, mji ukiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Wafu watatu, Garcin, Inès na Estelle, wamefungiwa chumba kimoja kisicho na kioo cha kujitazama wala taa ya kuzima. Sisi watu wa fasihi, tunaomkata alama mtoto wa sekondari akichanganya mwandishi na mhusika wake, nilikuwa nimechanganya mwandishi na mhusika kwa kurasa thelathini na nane!

Nikadhani yameisha. Akauliza tena kwa upole uleule, "Na mlango je?"

Mlango gani, mama?

Basi karibu na mwisho Garcin anaugonga mlango kwa nguvu akitaka kutoka, na mlango unafunguka. Uko wazi. Hatoki mtu. Garcin anabaki kwa sababu Inès anamwona mwoga, na hawezi kuondoka kabla hajambadilisha mawazo. Kwa hiyo jehanamu yao si kuishi na watu. Ni kumkabidhi mwingine kazi ya kukuambia wewe ni nani, kisha ukakwama hapo hata baada ya kufunguliwa. Sartre mwenyewe alieleza mwaka 1965, katika utangulizi uliorekodiwa kwa sauti, kwamba sentensi ile imeeleweka vibaya siku zote: hakusema uhusiano wetu na wengine una sumu daima, alisema ukiharibika ndipo mwingine anakuwa jehanamu. Ningeisoma tamthilia ningeyajua haya. Ni fupi, ina tendo moja, unaimaliza kabla wali haujaiva.

Nilirudia sura ya nne kwa miezi saba. Wenzangu walivaa majoho, mimi nikawapiga picha. Nyumbani mjomba alikuwa ameshaandaa sherehe, aliponipigia simu kuuliza kosa ni nini, nilichoka kueleza, nikasema, "Mjomba, ni mambo ya mlango." Mpaka leo anaamini nilivunja mlango wa chuo.

3. Mauvaise foi, istilahi ya Sartre, si "imani mbaya". Mwenzenu mmoja aliandika hivyo na mhadhiri akamuuliza kama anazungumzia ushirikina. Ni kujihadaa. Mfano wa Sartre ni mhudumu wa mgahawa anayetembea kihudumu mno, anayeinama kihudumu mno, kana kwamba alizaliwa na sinia mkononi na hangeweza kuwa kitu kingine. Nikiwatazama mnavyokaza tai siku ya uwasilishaji, sihitaji mgahawa wa Paris.

4. Udhanaishi si kujiua. Kwa sababu Kazimoto anajiua, mnamaliza sura ya tano kwa kusema udhanaishi ni falsafa ya kukata tamaa. Aliyefungua kitabu kwa swali la kujiua ni Camus, 1942. Sartre aliona kujiua ni upuuzi tu, maana kunakata njia ambayo ingeweza kuipa maana hatua hiyo yenyewe. Kwenye mhadhara wa Oktoba 1945 alijitetea dhidi ya shtaka lenu hilihili, na akamsimulia mwanafunzi wake aliyekwama kati ya kubaki na mama yake na kwenda Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa huru. Sartre hakumpa jibu. Alimwambia yuko huru, achague. (Mhadhara huo nao si Sartre mzima. Ulikuwa wa watu wote, na yeye mwenyewe baadaye hakuridhika nao. Msiufanye ndio rejeo lenu la pekee kwa sababu ni mfupi. Najua ni mfupi.)

5. Jina letu "udhanaishi" lina mtego: sikio linasikia "dhana" kwanza, halafu "ishi". Sartre anaanza upande wa pili: mtu yupo kwanza, kisha anajifanya kuwa kitu fulani. Mfano wake ni kisu cha kukatia karatasi, ambacho fundi alikuwa na dhana yake kabla ya kukitengeneza. Binadamu hakuundwa hivyo. Mwanafunzi anayeeleza hili kwa mistari mitatu yake mwenyewe ana thamani kuliko slaidi yenye mihimili saba.

6. Wasifu, aya moja inatosha: alifeli agrégation, mtihani wa Ufaransa wa kuwapata walimu, 1928 akawa wa kwanza 1929, mwenzi wake Simone de Beauvoir wa pili; alikuwa mfungwa wa vita 1940 hadi 1941; alipewa Nobel 1964 akaikataa, kwa hiyo acheni kumpongeza. Anayetaka daraja la kuvuka kutoka Sartre hadi Afrika asiruke moja kwa moja mpaka Ukerewe kwa Kezilahabi. Aanzie 1948, Sartre alipoandika utangulizi wa diwani iliyokusanywa na Senghor, mshairi wa Senegal, na kuiita negritudi, ile harakati ya kujivunia weusi, hatua ya kupita tu. Kisha asome Frantz Fanon, mwandishi mweusi kutoka Martinique, alivyomjibu kwa uchungu mwaka 1952. Halafu aje 1961, Sartre huyohuyo anapoandika utangulizi wa kitabu cha Fanon, kile tulichonacho kwa Kiswahili kama Viumbe Waliolaaniwa. Hapo kuna tasnifu tatu na hakuna anayeziandika.

7. Hili ni swali, si ushauri. Wale watatu wa wiki iliyopita, niliwaomba slaidi zao baada ya semina. Zote zina mabano: (Sartre, 1943: 112). Mmoja ana hata kichwa kidogo, "Chuo kama Jehanamu". Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kwenye flashi moja ya bluu niliyomwazima mtu kabla ya kutetea. Nani anayo?