Bastola chini ya mto wa kulalia

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina duka la vyakula vya jumla hapa Kiborloni, Moshi. Miezi miwili iliyopita wanaume wanne walivunja mlango wa nyumba yangu saa nane usiku wakiwa na mapanga, wakanifunga kamba mbele ya mke wangu na watoto, kisha wakaondoka na mauzo ya siku tatu. Rafiki yangu anayefanya biashara ya madini Arusha ananishauri niombe leseni ya bastola, kwani yeye mwenyewe hatoki nyumbani bila ya kwake. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya Jumapili, anasema silaha haitaingia ndani ya nyumba yake kwa sababu imeandikwa usiue. Je, mtu aliyewajia wanangu na panga, nikimpiga risasi akafa, nitakuwa nimetenda dhambi? – Baba wa Watatu, Kiborloni.

JIBU: Ndugu Baba wa Watatu, pole sana, na poleni nyote nyumbani. Nitaanza na sheria kwa ufupi, kwa kuwa siyo hasa ulichouliza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu vya 18 hadi 18C, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali yake, na haki hiyo inaweza kufika hata kwenye kuua, endapo mtu ameamini kwa nia njema na kwa sababu za msingi kwamba hapakuwa na njia nyingine mbele ya hatari kama ya kuuawa, kubakwa au kuvamiwa na majambazi. Akipitiliza kadiri iliyohitajika na mtu akafa, anahesabiwa kuwa ameua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Utaona kwamba sheria hiyo inaitaja pia mali. Kwa maoni yangu dhamiri inapaswa kuwa na mlango mwembamba zaidi ya huo.

Mkeo ameitaja amri ya Kutoka 20. Mwombe asome pia sura ya 22 ya kitabu hichohicho, aya ya pili na ya tatu, ambako mwizi aliyepigwa akafa wakati anavunja nyumba hana wa kudaiwa damu yake, lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, damu hiyo inadaiwa. Mwizi ni yuleyule na nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni mwanga. Usiku mwenye nyumba haoni ni nani aliyeingia, hajui kama amefuata ng'ombe au roho yake, na akipiga yowe huenda asisikike, ilhali mchana anaona, anatambua, na majirani wako macho. Kwa hiyo ruhusa ile haikutolewa kwa kuwa mwizi anastahili kufa, bali kwa kuwa aliyevamiwa hakuachiwa njia nyingine. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kanisa Katoliki wa karne ya 13, alifika karibu na hapo aliposema kwamba tendo moja la kujihami laweza kuwa na matokeo mawili, kuokoka kwako na kufa kwa mwenzako, na kwamba linageuka kuwa haramu pale nguvu inapozidi haja. Waislamu nao wana hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume afanye nini akijiwa na anayetaka mali yake. Akaambiwa asimpe, na akipigwa vita apigane. Hata hivyo wanazuoni wao wanafundisha kwamba mvamizi huzuiwa kwanza kwa njia iliyo nyepesi, na nzito hufuata nyepesi ikishindwa.

Basi, kwa swali lako kama ulivyoliuliza, jibu langu ni hapana: aliyeinua panga juu ya mtoto wako, ukampiga kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kumzuia, sitakuita mwenye dhambi. Lakini hebu turudi kwenye usiku ule. Mlango umevunjwa, wanaume wanne wako ndani, nawe umetoka usingizini. Kama bastola imefungiwa kwenye kasha la chuma, inavyotakiwa kuwa kwenye nyumba yenye watoto, hutaifikia. Kama iko chini ya mto, itafikiwa na mtoto wako siku nyingine, mchana, ukiwa dukani. Na kama ungeishika usiku ule mbele ya watu wanne, sina hakika kwamba wewe ndiye ungebaki nayo.

Kisha kuna usiku ambao hakuna jambazi. Tarehe 14 Februari 2013, huko Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akamuua mpenzi wake Reeva Steenkamp, kisha akadai kwamba alidhani ni mvamizi. Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ya Juu ya Afrika Kusini ilimtia hatiani kwa mauaji, ikieleza kwamba hata kama hakujua ni nani aliyekuwa nyuma ya mlango, alijua kwamba yeyote aliyekuwemo angeweza kufa. Mtu aliyekosa usingizi kwa miezi miwili, kama ulivyo wewe, ndiye anayesikia jambazi katika kila hatua ya mtoto anayekwenda msalani.

Jambo linalonisumbua zaidi ni ile dakika wanapogeuza mgongo na mauzo yako mkononi. Hapo hatari imekwisha na hasira ndiyo imebaki, nawe ukipiga risasi unakuwa hakimu na mnyongaji wa mtu ambaye mahakama haijamsikiliza. Magazeti yetu yamezoea kuandika juu ya "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba ni aina fulani ya mvua, na sisi tunasoma bila kushtuka. Anayempiga risasi mwizi anayekimbia ni umati uleule, isipokuwa yeye yuko peke yake na ana leseni. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mauzo ya siku tatu, hata yakiuma namna gani, yanarudi.

Sikukatazi kuomba leseni. Nakuomba kwanza uache kulala na fedha za duka, uweke mlango wa nondo, na ukae na majirani mkubaliane juu ya yowe na zamu za ulinzi shirikishi. Baada ya hapo, kama bado unaitaka, jiulize kama ungeweza kuwatazama wale wanne wakitokomea na fedha zako huku bastola iko mkononi mwako, nawe usiifyatue. Kama huwezi, mkeo ana haki ya kuikataa nyumbani mwake.

SWALI: Mlinzi wangu wa usiku ana upinde na mishale. Akimuua mwizi, kosa ni la nani? – Mama Njiro, Arusha.

JIBU: Ni lake, kama amepitiliza, na ni lako pia, kama ulimwambia mwizi asitoke salama, kwa kuwa sheria humhesabu aliyeagiza kosa kama aliyelitenda. Wenye nyumba wengi hutoa agizo hilo kwa mzaha, wakimkabidhi ufunguo wa geti, na mlinzi anayelinda kibarua chake halisikii kama mzaha. Mnunulie filimbi na tochi yenye mwanga mkali, kisha mwambie leo jioni, kabla hajashika zamu, kwamba mwizi akiruka ukuta kurudi alikotoka, mshahara wake hautakatwa.