Tina ya rangi: maziwa hayasafishi kifua

*Napiga rangi magari Katwe. Bosi hutupatia maziwa kila jioni yatusafishe kifua. Yanasaidia?*

Hapana, ndugu. Maziwa yanakwenda tumboni, ila mvuke wa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, unaingia mapafuni, kisha damuni, na kwa dakika chache umefika ubongoni. Kile kizunguzungu cha saa kumi ndicho hicho. Maziwa ni chakula kizuri, mnyweni, lakini pesa hiyo inunue kwanza barakoa ya mpira yenye vichujio viwili vya mvuke, vyenye mstari wa kahawia na herufi A. Ile ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Ivae, ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi: ikinywea usoni, imekaa sawa. Ndevu huacha mwanya. Ukianza kusikia harufu ndani yake, badilisha vichujio. Na jioni vitie kwenye mfuko uliofungwa, maana vikiachwa wazi vinaendelea kunywa mvuke usiku kucha. Rangi ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuikausha iwe ngumu, ni jambo jingine, huleta pumu; hiyo inataka barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamdai mwajiri vifaa vya kinga. Mwambieni.

*Baada ya nusu saa harufu hupotea. Hewa imekuwa safi?*

Pua imechoka tu. Mvuke uko palepale. Toluini, ambayo tina nyingi huwa nayo, mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hivi, kwa hiyo unalala sakafuni. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Fungua milango ya pande mbili, usimame upepo ukikupitia ubavuni.

*Karakana yetu ya fanicha iko Ndeeba. Muuza chapati ameweka sigiri mlangoni. Kuna hatari?*

Kubwa, na ihamishwe leo. Mvuke hutambaa chini hadi kwenye makaa, kisha moto unarudi nao mpaka kwenye dumu. Toluini hutoa mvuke wa kuweza kuwaka kuanzia nyuzi 4 tu, na Kampala hata alfajiri ya baridi imeshapita hapo. Kuchomelea vyuma jirani ni vilevile. Moto ukishika, usimwage maji, yatausambaza. Tumia mchanga au kizimamoto cha unga.

*Nanawa mikono kwa tina. Ngozi inapasuka.*

Tina inaondoa mafuta ya ngozi. Paka mafuta ya kupikia, sugua, futa kwa kitambaa, kisha sabuni na maji.

*Mtoto amekunywa tina iliyokuwa kwenye chupa ya soda. Nimtapishe?*

Usimtapishe kabisa, mama, wala usimpe maziwa. Ikirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko inakoua. Mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe, hata kama anacheza. Akikohoa, jueni imeshaingia kifuani. Msipoteze hata dakika.