Toyota Altezza inayokula pedi ya breki ya ndani peke yake
Kaka, kama pedi ya ndani imebaki chuma na ya nje bado nene, usikimbilie kununua kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Kwa vumbi la Tabora, mara nyingi ni pini za kalipa, zile inazotelezea, zimeganda: pistoni inasukuma pedi ya ndani, ya nje haivutwi kwenye diski.

Gari likae kwenye stendi, jeki peke yake usiiamini. Kalipa itundike kwa waya, isining'inie kwa hosi. Chomoa pini uitazame. Yenye kutu kidogo isugue kwa msasa laini, iliyochimbika tupa. Ya juu na ya chini huenda zisifanane, usizibadilishane. Safisha tundu, paka grisi ya silikoni. Ile ya beringi huvimbisha raba na pini inaganda tena. Kifuniko cha raba kilichochanika badilisha, ndiko vumbi na maji yanakopita.

Pistoni irudishe polepole kwa klempu huku ukiangalia chupa ya mafuta ya breki isifurike, maana yanakula rangi ya bodi. Pedi badilisha magurudumu yote mawili ya mbele, kisha kanyaga pedali mpaka iwe ngumu ndipo utoe gari.