Maswali ya Wasomaji: Chakula cha Msaada Mtaani

SWALI: Salamu mhariri. Sisi ni vijana sita. Kituo cha misaada hapa mtaani kimekubali tujitolee Jumamosi kufungasha chakula na kugawia familia arubaini. Pesa za kununulia zipo. Tuweke nini, na tugawe vipi bila vurugu?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Anzeni na hesabu ya mlo. Kipimo kinachotumiwa sana na mashirika ya misaada ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za jamii ya kunde na gramu 25 za mafuta. Kwa watu watano, wiki moja ni unga pakiti nne za kilo mbili, mchele kilo sita, pojo kilo mbili na mafuta lita moja. Ongezeni sukari nusu kilo na chumvi. Pojo twaona ni bora kuliko maharagwe makavu kwa sababu huiva upesi. Makaa ni ghali, na maharagwe yasiyopikika hayamshibishi mtu.

Mzigo huo unapita kilo 17, kwa hivyo ugaweni mifuko miwili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Nunueni ya kitambaa. Fungeni mmoja wa mfano, upimeni, uwekeni mezani kila mtu aufuate. Unga chini, mchele juu yake, chupa ya mafuta wima pembeni; ikilazwa kifuniko hulegea na unga wote ukaharibika. Mkiongeza sabuni, ifungeni kando, maana mchele hunyonya harufu. Sukari msiipime mapema, unyevu wa pwani huifanya mabonge.

Vurugu huanzia kwenye orodha. Ikitoka kwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi, jamaa zake watajaa. Chukueni ya mzee wa mtaa, ya msikiti na ya kanisa, mzilinganishe, kisha mtembelee nyumba ambazo majina yao yametokea mara moja tu. Toeni kadi zenye namba na saa: kumi waje saa mbili asubuhi, kumi saa mbili na nusu, hivyo hivyo. Mkiwaita wote pamoja, wazee ndio wanaosukumwa. Wagonjwa wa kitandani wapelekewe nyumbani kabla foleni haijaanza, maana mwishoni mifuko huwa imekwisha. Na nyuso za wanaopokea msizipige picha kabisa. Aliyeisitiri shida yake miaka yote asije akaiona kwenye simu ya jirani.

SWALI: Nataka kufundisha watoto hesabu katika makao ya watoto. Wanadai cheti cha polisi. Ni lazima?
Msomaji, Likoni

JIBU: Wako sawa dada, na makao yasiyokuuliza ndiyo ya kutilia shaka. Omba cheti hicho, kiitwacho cheti cha maadili mema, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lipa, chapisha fomu, kisha nenda nazo na kitambulisho Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, uchukuliwe alama za vidole. Hakitoki siku hiyo hiyo, kwa hivyo anza mapema. Chagua siku moja ya wiki utakayoimudu muhula mzima. Watoto hawa wengi wamekwisha kuachwa, na mwalimu anayetoweka baada ya wiki tatu huwaumiza upya.