Ukipangiwa kijiji cha mchangani, pwani ya kusini ya Java

Kama unasoma Yogyakarta na umepangiwa kijiji cha pwani katika wilaya ya Bantul au Kulon Progo, iwe kwa utafiti au kwa KKN, ile kazi ya vijijini ambayo vyuo vingi vya Indonesia hutuma wanafunzi wao, anza kwa kubadili saa yako ya kuamka. Huku chumvi, upepo na mawimbi ndivyo vinavyopanga ratiba. Anayetoka nyumbani saa 2 asubuhi hukuta kazi za maana zimeshafanyika.

Ukishuka tu, kabla ya kufungua begi, nenda kwa Pak RT. Huyu ni kama balozi wa nyumba kumi, na mgeni anayelala kijijini hutakiwa kuripoti kwake ndani ya saa 24. Beba pasipoti, kibali cha kukaa na nakala zake. Mlangoni sema "kulo nuwun", ndiyo hodi yao. "Monggo" ndiyo karibu. Viatu vinabaki nje. Ukipita mbele ya wazee walioketi, inama, shusha mkono wa kulia mbele yako, useme "nuwun sewu". Mzee sana ni Mbah, mtu mzima ni Pak au Bu, kijana ni Mas au Mbak. Jina tupu halitajwi. Chai ikiletwa, subiri uambiwe unywe.

Neno linalowapoteza wageni wengi ni "nggih". Ni ndiyo ya adabu, lakini mara nyingi maana yake ni "nimekusikia", si "nimekubali". Ukiomba kuazimwa pampu ukajibiwa nggih, kisha kimya, usiende kuichukua. Pitisha ombi kwa mtu wa tatu, jirani au Pak RT mwenyewe.

Sasa shamba. Udongo wa huku ni mchanga mweusi wenye madini ya chuma. Maji ukiyamwaga yanazama papo hapo na kuondoka na mbolea. Kwa hiyo kila mita ya mraba hupewa samadi ya ng'ombe kama kilo 2, yaani tani 20 kwa hekta, nayo iwe imeoza sawasawa: ukiishika haina joto, hainuki, inamomonyoka kama udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Maji hugawiwa kwa sumur renteng, visima vya msururu. Pampu hujaza tangi la kwanza la pete za zege, kisha mabomba ya plastiki yaliyofukiwa hupeleka maji kwenye matangi mengine yaliyotawanywa shambani. Mkulima huchota kwa keni mbili za kumwagilia, moja kila mkono. Wengine siku hizi wanatumia mpira na pampu, ila matangi bado yapo. Usizamishe keni hadi chini, maana utavuruga mchanga uingie bombani. Kulizibua bomba lililofukiwa ni kazi ya siku nzima. Na usiache pampu ikinguruma. Chini ya mchanga huu maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa pupa chumvi hupanda. Kwa sababu hiyohiyo kisima kikipungua maji usimshauri mtu achimbe zaidi. Ni ushauri unaotolewa kwa nia njema, na huharibu kisima.

Zao litakalokuamsha ni bawang merah, vitunguu vidogo vyekundu. Mbegu ni vitunguu vyenyewe, vilivyohifadhiwa miezi 2 hadi 3. Kama havijakaa vya kutosha, kata theluthi ya juu ili machipukizi yatoke kwa pamoja. Nafasi ni sentimita 15 kwa 20, na kitunguu kibonyezwe hadi kilingane na uso wa mchanga, kwani kikizama sana huoza. Hapo huanza mapambano na chumvi. Upepo wa bahari huiacha kwenye majani, umande huiyeyusha, jua likipanda maji hukauka na ncha za majani huungua. Palipoungua ukungu hupata mlango, nao huacha mabaka ya zambarau yanayosambaa shamba zima. Dawa ya kwanza ni kuosha majani kwa maji ya kisima kabla jua halijashika, kati ya saa 11 na nusu na saa 12 na nusu alfajiri. Siku moja ya uvivu huonekana shambani kwa wiki nzima. Mavuno ni baada ya siku 60 hivi, na pilipili iliyopandwa katikati ya vitunguu hubaki ikiendelea. Huko Kulon Progo vikundi vya wakulima huuza pilipili kwa mnada: wachuuzi huandika bei kwenye karatasi, na aliyeandika bei ya juu ndiye huchukua. Omba ruhusa uketi utazame.

Miti inayokinga mashamba na upepo ni mvinje, uleule wa fukwe zetu. Usikate hata tawi la kuni.

Baharini hakuna gati. Mashua huingizwa majini kutoka ufukweni, katikati ya mawimbi ya Bahari ya Hindi. Ni jukung za faiba zenye matengo mawili, yaani miti ya pembeni inayozuia mashua isipinduke, na mtu aliyezoea ngalawa atazitambua mara moja. Undugu huo wanahistoria wengi huuhusisha na mabaharia wa visiwa vya Indonesia waliovuka hadi kwetu. Utaombwa kusukuma. Shika ubavu wa mashua karibu na tezi, yaani nyuma. Usisimame kati ya mashua na tengo, kwani wimbi likiizungusha tengo hupiga miguu. Usisukume tengo lenyewe, huvunjika. Mawimbi huja kwa makundi: nahodha hungoja makubwa yapite, kisha hutoa amri na wote husukuma kwa pamoja. Ukichelewa sekunde chache, wimbi linalofuata huikuta mashua imelala ubavu. Wakati wa kurudi mashua hupanda mchangani kwa kasi juu ya mgongo wa wimbi, mashine ikiinuliwa dakika ya mwisho. Kaa pembeni, mbali na njia yake.

Kati ya Juni na Agosti mawimbi huwa makubwa zaidi na siku za kutotoka ni nyingi. Pia kuna juma la Kijava la siku 5, linalokwenda sambamba na juma la siku 7. Moja ya siku hizo 5 ni Kliwon, na katika vijiji vingi vya hapa Jumanne au Ijumaa ikiangukia Kliwon wavuvi hawatoki. Usipange mahojiano ya baharini siku hizo. Nguo ya kijani usiivae ufukweni. Ni heshima kwa Ratu Kidul, malkia wa bahari ya kusini, na wala si mada ya kubishania. Kuogelea usijaribu kabisa: ule ukanda uliotulia kati ya mawimbi yanayovunjika ndio mkondo unaovuta watu kwenda ndani.

La mwisho ni tsunami. Ile iliyopiga Pangandaran, magharibi zaidi kwenye pwani hii, tarehe 17 Julai 2006 iliua zaidi ya watu 600, na tetemeko lake wengi hawakulisikia kwa nguvu. Kwa hiyo hesabu muda, usipime ukali. Wanafundisha 20-20-20: ardhi ikitikisika sekunde 20, una dakika 20, fika mita 20 kwenda juu. Nchi ni tambarare kwa kilomita kadhaa, kwa hiyo siku ya kwanza muulize Pak RT mahali pa kukimbilia, kisha tembea mwenyewe kutoka unapolala hadi hapo, saa mkononi. Ikizidi dakika 20, omba akuonyeshe jengo refu la kukimbilia lililo karibu zaidi.